Makauboi wa televisheni walitufunza kujizuia

Kila mada ya vipindi vya zamani vya televisheni inapozuka barazani, hakosi mtu wa kusema kwamba filamu za kauboi zilitupotosha. Zilitufunza kupenda bunduki, wasema. Zilitufanya tumshangilie mgeni aliyemnyang'anya mwenyeji ardhi yake. Zilitujaza nyuso za Wazungu vichwani hadi tukadhani ushujaa una rangi. Hoja hizi ni nzito na sitazikwepa. Lakini mimi niliyekulia Majengo, Mombasa, miaka ya sabini, kisha nikasomesha shule za msingi hadi nikastaafu, nina neno la kuwatetea mashujaa wale. Walitupa kitu chema ambacho watoto wetu wa leo wanakikosa: walituonyesha mtu mwenye nguvu anayejizuia.

Matangazo ya televisheni yalianza kurushwa Kenya mwaka 1962, na Mombasa tukapata kituo chetu mwaka 1970. Mtaani kwetu seti zilikuwa chache mno. Ya karibu ilikuwa kwa mzee mmoja, karani wa bandari ya Kilindini. Ilikuwa kabati la mbao lenye miguu minne na vijimlango viwili vilivyofungwa kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe ulikaa mfukoni mwa kanzu yake. Mkewe alikuwa na sharti moja tu: asiyeosha miguu bombani haingii. Tulikaa mkekani tumebanana, na waliochelewa walisimama nje dirishani wameshika nondo. Kisha muziki ule ukaanza, ramani ikatokea kwenye kioo, moto ukaichoma kutoka katikati, na wapanda farasi wakatoka mbio wakitujia. Bonanza imeanza.

Usiku mmoja bibi yangu alikuja kunichukua, saa ya kulala imepita. Alisimama mlangoni, leso kichwani, akamtazama Ben Cartwright akizungumza na wanawe kwenye meza ya chakula.

"Huyu mzee, mama wa hawa watoto yuko wapi?" akauliza.

"Wamekufa, Bibi. Walikuwa watatu, kila mtoto na mamake."

"Na bado awalea mwenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi huyo ni mwanamume. Nisogezeeni nami nikae."

Akakaa hadi mwisho. Hakujua neno la Kiingereza, lakini alichokiona ndicho tulichokiona sisi: mzee mwenye shamba la Ponderosa lililoenea hadi ziwa Tahoe, mwenye fedha, silaha na wana watatu walioshiba nguvu, na bado kabla ya kuamua neno huketi akasikiliza. Yule mwana wa kati, Hoss, ambaye mwigizaji wake Dan Blocker alikuwa jitu la mtu, angeweza kumvunja mbavu yeyote mjini Virginia City. Ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote.

Kesho yake kiwanjani kila mmoja alitaka kuwa steringi, yaani shujaa wa filamu. Farasi alikuwa upongoo wa mnazi, bastola kipande cha mti, kofia ni ya ukindu iliyokunjwa pande mbili. Mchezo ulikuwa na sheria zake. Steringi hampigi mtu mgongoni. Hampigi aliyeweka silaha chini. Akitoa ahadi, ahadi hairudi nyuma. Aliyevunja sheria alitolewa nje, hata kama upongoo ni wake. Hakuna mtu mzima aliyetuwekea sheria hizo. Tulizitoa kwenye kile kioo, na ziliafikiana na yale mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliyotusomesha asubuhi, kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Mtoto akilisikia jambo chuoni kisha akaliona likitendwa, humwingia damuni.

Anayesema filamu zile zilikuwa bunduki tupu na azitazame tena. Chukua The Lone Ranger, iliyoanza kama mchezo wa redio mjini Detroit mwaka 1933 kisha ikawa ya televisheni kuanzia 1949 hadi 1957. Waandaaji wake waliweka sharti kwamba shujaa hapigi risasi kwa nia ya kuua. Hulenga kumpokonya adui silaha yake, akamfikisha mbele ya sheria akiwa hai. Sharti hilo liliwabana waandishi kila wiki, kwa sababu iliwabidi watafute njia nyingine ya kumshinda mbaya: subira, ujanja, au ushahidi. Watoto wa Marekani waliolelewa na kipindi hicho walijifunza kwamba kuua si kipimo cha uhodari.

Au chukua Gunsmoke. Ilianza kwenye redio mwaka 1952, ikaingia televisheni Septemba 1955, na mwigizaji mashuhuri John Wayne ndiye aliyeikaribisha kwa watazamaji usiku wa kwanza. Iliendelea hadi 1975, vipindi 635. Kwa miaka yote hiyo 20 James Arness aliigiza Matt Dillon, mlinzi wa sheria wa mji wa Dodge City, Kansas. Arness hakuvijua vita kutoka vitabuni. Alijeruhiwa mguu Anzio, Italia, mwaka 1944 akiwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia, na maumivu ya mguu huo aliishi nayo. Labda ndiyo maana Dillon wake alikuwa mtu asiyefurahia kuchomoa bastola. Alipolazimika kuua, uso wake ulionyesha mzigo, na mtoto aliyekuwa akitazama aliuona mzigo huo.

Tena historia yenyewe iko upande wa kujizuia zaidi kuliko filamu zilivyoonyesha. Kwanza, zama za makauboi zilikuwa fupi mno. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi wasio na soko, na miji ya kaskazini ilikuwa na njaa ya nyama. Mwaka 1867 kituo cha reli cha Abilene, Kansas, kikafunguliwa kwa biashara hiyo, na vijana wakaanza kuswaga makundi ya ng'ombe kwa mamia ya maili hadi kwenye mabehewa. Mwaka 1874 Joseph Glidden akapata hataza ya seng'enge yake, na malisho yaliyokuwa wazi yakaanza kufungwa kwa ua wa miiba. Reli nazo zikasogea karibu na malisho. Kisha kipupwe cha 1886 kuingia 1887 kikaua ng'ombe kwa makundi katika nyanda za kaskazini. Kazi ile ikafifia. Gunsmoke peke yake ilidumu televisheni karibu sawa na zama nzima ilizokuwa ikizisimulia.

Na katika Dodge City ya kweli, ile ya miaka ya 1870, lilisimamishwa bango mtaani likiwatangazia watu kwamba kubeba silaha mjini ni marufuku. Picha ya bango hilo ipo hadi leo. Mji wa Tombstone, Arizona, nao ulikuwa na amri kama hiyo, na kuitekeleza amri hiyo kulikuwa sehemu ya chanzo cha mapigano maarufu ya Oktoba 26, 1881. Miji ile ya mpakani ilitambua mapema kwamba hakuna biashara, shule wala ibada mahali ambapo kila mlevi ana bastola kiunoni. Kwa hiyo tusiwaachie wapenda bunduki wa leo wadai kwamba makauboi ni wao. Mlinzi wa mji aliyewaambia watu waache silaha zao kabla ya kuingia ndiye aliyejenga miji ile.

Lakini tukio lililonikaa zaidi utotoni ni lile lililorudi karibu katika kila mfululizo wa aina hiyo. Mtu amekamatwa kwa tuhuma. Usiku umeingia, watu wamekusanyika na mienge na kamba, wanataka kumtoa mahabusu wamnyonge. Mlangoni amesimama mtu mmoja. Mara nyingi mshukiwa si rafiki yake, na pengine hata yeye anadhani ana hatia. Lakini anawaambia: hapiti mtu hapa, atahukumiwa na jaji.

Sisi tuliotazama tukio hilo tulijua maana yake kwa macho, kwa sababu kelele za "mwizi!" mtaani tulizijua, na tulijua zinavyokwisha. Mchana mmoja kijana aliyedaiwa kuiba baiskeli alikimbizwa hadi kwenye baraza la yule yule mzee karani. Kundi likaja nyuma yake na mawe na fimbo. Mzee akatoka, kanzu na kofia, mkononi hana kitu. Akamsukuma kijana ndani, akasimama katikati ya mlango wake.

"Mzee, tupishe, huyu ni mwizi!" mmoja akapaza sauti.

"Huenda ni mwizi, wanangu. Polisi watajua. Nyumbani kwangu hauawi mtu."

"Utamlinda mwizi, mzee?"

"Namlinda mgeni wangu, nawe nakulinda usije ukawa muuaji. Nenda mwite askari, mimi siondoki hapa."

Alisimama pale jua kali hadi askari wakafika. Sisemi alijifunza ujasiri huo kwenye televisheni. Alikuwa mcha Mungu kabla Bonanza haijafika Mombasa. Ninachosema ni kwamba sisi watoto tulioona tulijua tunachokiona. Filamu zilikuwa zimetupa macho ya kumtambua shujaa anapotokea mtaani kwetu bila farasi wala bastola. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi njema kwa mtoto.

Mashujaa wenyewe nao walijaribiwa nje ya studio. Mapema mwaka 1964, Dan Blocker alikuwa amealikwa kwenye maonyesho mjini Jackson, Mississippi, wakati ambapo kumbi za jimbo hilo ziliwatenga watazamaji weusi. Wapigania haki wa Jackson wakamfikishia habari. Blocker akajitoa, akaeleza kwamba hatasimama mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi. Lorne Greene na Michael Landon, wenzake wa Bonanza, nao wakajitoa. Meya wa mji akakasirika, akawataka wakazi waache kuitazama Bonanza. Wakati huo ilikuwa miongoni mwa vipindi vilivyotazamwa zaidi nchini Marekani, na waliokuwa na cha kupoteza ni waigizaji hao. Nilipolisoma jambo hili nikiwa tayari mwalimu, nilisimamisha somo la Darasa la Saba nikawahadithia wanafunzi wangu. Blocker, ambaye kabla ya uigizaji alikuwa mwalimu vilevile, alikuwa amefanya kile ambacho Hoss angefanya.

Sasa nije kwenye deni, kwa sababu lipo, na ni kubwa. Filamu zile zilituficha watu.

Wanahistoria wengi hukadiria kwamba takriban kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. Wengi walikuwa watumwa Texas kabla ya 1865, na kazi ya ng'ombe waliijua. Wengine wengi walikuwa Wamexico, ambao mababu zao ndio waliobuni ufundi wenyewe: kamba ya tanzi, tandiko lenye pembe mbele, namna ya kumzunguka ng'ombe aliyetoroka. Nat Love, aliyezaliwa utumwani Tennessee mwaka 1854, aliandika maisha yake ya ukauboi katika kitabu kilichotoka mwaka 1907. Bill Pickett wa Texas alipata umaarufu kwenye maonyesho kwa kumrukia ndume kutoka mgongoni mwa farasi na kumwangusha kwa mikono. Sisi watoto weusi wa Majengo hatukuwajua hata mmoja wao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 televisheni za Marekani zilikuwa na zaidi ya mifululizo 20 ya kauboi kwa wakati mmoja, lakini ilibidi kungoja hadi 1968 ndipo Otis Young, mwigizaji mweusi, apewe nafasi ya shujaa mkuu sambamba na mwenzake mweupe katika The Outcasts. Mfululizo huo ulidumu msimu mmoja tu.

Na wote hao hawafikii kisa cha Bass Reeves. Alizaliwa mtumwa Arkansas mwaka 1838. Wakati wa vita alitorokea eneo la wenyeji asilia, Oklahoma ya leo, akaishi nao na kujifunza lugha zao. Mwaka 1875 aliajiriwa kuwa afisa wa mahakama ya serikali kuu iliyokuwa Fort Smith chini ya jaji Isaac Parker, kazi yake ikiwa kuwasaka wahalifu katika eneo pana lisilo na barabara. Hakujua kusoma. Alisomewa hati za kukamatia watu, akazihifadhi kichwani, na alipomfikia mtu aliitoa hati iliyo yake. Kwa hesabu yake mwenyewe aliwakamata zaidi ya watu 3,000, na walio wengi mno aliwafikisha mahakamani wakiwa hai.

Mwaka 1902 mwanawe mwenyewe, Bennie, alishtakiwa kwa kumuua mkewe. Maafisa wenzake walisita kuichukua hati ile. Reeves aliitwaa mwenyewe, akaenda, akamleta mwanawe kwenye sheria, na kijana akafungwa gereza la Leavenworth. Hebu mzazi unayesoma hapa ufikirie usiku wa kabla ya safari ile. Hapana mwandishi wa Gunsmoke aliyewahi kuandika kitu kizito kama hicho. Reeves alifariki mwaka 1910, na televisheni ya Marekani haikumtengenezea mfululizo mkubwa wa jina lake hadi mwaka 2023, alipoigizwa na David Oyelowo. Kwa karibu miaka 75 ya filamu za kauboi kwenye televisheni, mtu aliyestahili zaidi kuwa steringi aliwekwa kando.

Deni la pili ni la wenye nchi. Kiwanjani kwetu hakuna aliyetaka kuwa "Mhindi Mwekundu". Nafasi hiyo walipewa wadogo na wageni, na kazi yao ilikuwa kupiga kelele na kufa. Tulikuwa watoto wa nchi iliyopata uhuru mwaka 1963 baada ya kunyang'anywa ardhi na walowezi, na bado tulimcheka aliyenyang'anywa. Hapo filamu zilikosea vibaya. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaahidi Wasioux milima ya Black Hills. Dhahabu ikagunduliwa mwaka 1874, na ahadi ikavunjwa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba ardhi ile ilitwaliwa kinyume cha haki, na walipwe zaidi ya dola milioni 100. Wasioux wamekataa kuzipokea fedha hizo hadi leo, kwa sababu wanachokitaka ni milima yao. Maskini anayekataa mamilioni kwa ajili ya neno alilopewa babu yake ana ule ule moyo tuliouhusudu kwa Ben Cartwright.

Nasi hapa Mombasa tunayo ya kwetu. Wamaasai walifanyishwa mapatano ya 1904, wakaambiwa Laikipia itakuwa yao daima, kisha mapatano ya 1911 yakawatoa. Hawakushika mikuki. Walikwenda kortini, na kesi yao ikasikilizwa na Mahakama Kuu mjini Mombasa mwaka 1913, ikatupwa kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba kati ya mataifa mawili na korti haina mamlaka juu yake. Ni mwendo wa miguu kutoka Majengo hadi mji wa kale palipo na jengo la korti ya zamani na Ngome ya Yesu. Tulilipita jengo lile tukienda kuogelea, na hakuna aliyetuhadithia kuhusu wafugaji waliokwenda kuidai haki yao kwa sheria dhidi ya dola lililokuwa na mizinga.

Kwa hiyo simtaki mtu anayewazika makauboi wale, wala simtaki anayewarudisha kama walivyokuwa. Kipimo chao kilikuwa sahihi. Waliopewa kukionyesha walikuwa wachache mno. Kazi yetu ni kukishika kipimo kile kile na kuwapima nacho watu wote, wakiwemo wetu.

Na tukiwapima watu wetu, tutaona aibu na fahari pamoja. Aibu, kwa sababu mtoto wa Kenya wa leo amezungukwa na wakubwa wasiojizuia. Simuni anaona kijana akirusha noti juu na kusifiwa. Kwenye habari anaona mheshimiwa akitukana jukwaani na kushangiliwa. Barabarani anaona msafara ukivuka upande wa pili na askari akiupigia saluti. Mwana wa kigogo akishtakiwa, wa kwanza kufika korokoroni ni baba na simu mkononi. Ni nani kati ya wakubwa wetu amewahi kufanya alichofanya Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa na asiyejua kusoma? Mtoto akikua bila kumwona mwenye nguvu akijinyima hata mara moja, ataamini kwamba nguvu maana yake ni kutojinyima.

Fahari, kwa sababu mashujaa tunao. Desemba 21, 2015, basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa na wanamgambo karibu na El Wak. Waliwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio ya kujifunika wasitambuliwe, na wavamizi wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alipigwa risasi, akafariki hospitalini Nairobi Januari 2016. Yule ndiye mtu wa mlangoni tuliyemtazama kila wiki tukiwa watoto, isipokuwa huyu hakuwa na bastola, hakuwa na mwandishi wa kumwokoa, na risasi ilikuwa ya kweli.

Kisa cha basi lile kikawa filamu fupi, Watu Wote, ya dakika 22, iliyofika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Ilipigwa hapa Kenya. Waliokuja kuitengeneza ni wanafunzi wa chuo cha habari cha Hamburg, Ujerumani. Nawashukuru kwa moyo wangu wote. Lakini naviuliza vituo vyetu vya televisheni, vinavyojaza jioni zetu na tamthilia za kigeni zilizotafsiriwa, za matajiri wanaosalitiana sebuleni: mfululizo wa mwalimu Salah Farah uko wapi? Uko wapi mfululizo wa wazee wa Kimaasai na kesi yao ya Mombasa? Wa Wangari Maathai, aliyesimama mwaka 1989 kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru? Bonanza ilirushwa kwa miaka 14 kwa visa vya familia moja isiyowahi kuwepo. Sisi tuna watu waliokuwepo, na wengine makaburi yao tunayajua.

Wenzangu walimu, Bass Reeves anaingia katika somo la nusu saa bila kitabu. Wahadithieni watoto kisa chake, kisha wapeni nafasi waulize. Wazazi, na hasa ninyi mababu na mabibi wenzangu, ketini na wajukuu wanapotazama. Msiwape simu mkaondoka. Bibi yangu hakujua Kiingereza, lakini alikaa mkekani akauliza swali moja, na kwa swali hilo nikajua kipi cha kutazama kwa mtu. Nanyi wenye vituo, mna mitambo, mna waandishi, mna waigizaji walio tayari. Tupeni mwaka huu shujaa mmoja wa Kenya mwenye nguvu anayejizuia, saa moja kwa wiki, saa ambayo watoto hawajalala. Sisi wazee tutawaketisha watazame.